Shahidi Asiyefika Barazani

Tumezoea kuwagawa mashahidi mafungu mawili, wakweli na waongo. Mgawanyo huo watosha barazani, kwa kuwa kadhi humwona mtu aliyesimama mbele yake, husikia sauti yake na kumtazama usoni. Lakini yuko shahidi wa fungu la tatu ambaye hatumtaji kwa sababu hatumdhanii: yule ambaye hakufika barazani kabisa wala hakutamka neno, na jina lake likaandikwa daftarini kuwa alifika, akaapa, akamtetea mshitakiwa. Hakusema uwongo, maana hakusema. Karani naye hakukusudia uwongo. Alifuata kanuni yake tu, kwamba kila asiyelalamika ameridhika. Walakini mshitakiwa ameachiliwa, na yamkini ni mwizi. Uwongo umefanyika, na mwongo haonekani. Nataka kuuliza uwongo huo ni wa nani.

Swali hili sikulipata katika vitabu vya maadili. Nililipata katika kazi ya kuandika na kujaribu programu za kompyuta, kazi ambayo wengi huidhania kuwa ya namba tupu, isiyo na haki wala dhuluma ndani yake. Msomaji asiye mtu wa kompyuta na anivumilie kidogo. Hatatakiwa kujua zaidi ya haya nitakayomweleza.

Mtu aandikapo programu kwa lugha ya Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991, haitoshi aitazame kazi yake na kuipenda. Humpasa aandike kando yake programu nyingine ndogo ndogo ziitwazo majaribio. Kila jaribio huipa kazi sehemu fulani ya programu kubwa, kisha husimamisha dai: kwamba jumla ni 100, kwamba orodha si tupu, kwamba jina lililorudi ni lile lile lililopelekwa. Dai huanza kwa neno la lugha hiyo, assert. Dai likiwa si kweli, mkalimani wa Python hupaza kosa na jaribio husimama hapo hapo. Dai likiwa kweli, mkalimani hupita kimya na kuendelea na mstari wa chini yake. Hapa ndipo penye mzizi wa yote nitakayoyasema. Kweli ya dai hutangazwa kwa kimya. Dai lililosikilizwa likaonekana kweli, na dai ambalo halikusikilizwa kamwe, yote mawili hutoa sauti moja, yaani hayatoi sauti.

Chombo kinachoyakusanya majaribio na kuyaendesha, na kinachotumiwa na watu wengi sana siku hizi, ni pytest. Kilianzishwa na Holger Krekel na wenziwe, na hati ya ruhusa yake yabeba mwaka 2004. Jaribio likipita, pytest huandika nukta moja ya kijani. Likianguka, huandika herufi moja nyekundu. Mtu aliyemaliza kazi ya siku hukitazama kioo chake, akaona safu za nukta za kijani kama shamba la mpunga lililoshika, akafunga mlango na kwenda nyumbani kwa moyo mweupe.

Sifa iliyokieneza chombo hiki ni ufasaha wake katika kueleza maanguko. Dai la Python likianguka lenyewe, husema tu kwamba limeanguka. Halisemi upande wa kushoto ulikuwa na nini wala wa kulia ulikuwa na nini. Pytest hueleza yote mawili. Ilikuwaje kikaweza? Hapo zamani kilitumia njia iliyo rahisi kuelezwa. Dai lilipoanguka, chombo kiliichukua sentensi yake na kuitathmini mara ya pili, kipande kwa kipande, ili kionyeshe thamani ya kila kipande. Yaani shahidi aliulizwa, akajibu, kisha akaitwa upya kueleza jibu lake.

Yeyote aliyewahi kuhojiwa mara mbili anajua kasoro ya njia hii. Swali la kwanza hubadili kitu. Dai likiwa lasoma faili, usomaji wa kwanza huimaliza, na usomaji wa pili hukuta hakuna kilichosalia. Dai likiwa lachukua kitu cha juu katika rundo, mara ya pili cha juu ni kingine. Chombo kikawa chaeleza kwa ufasaha mwingi tukio ambalo silo lililotokea. Na mara nyingine jambo la kuchekesha lilitukia: dai lililoanguka mara ya kwanza lilisimama mara ya pili, na chombo kikalazimika kukiri mbele ya watu kwamba dai limeanguka, ila lilipoulizwa tena halikuanguka, na sababu hakiioni.

Mwaka 2011, katika toleo 2.1, Benjamin Peterson alileta njia nyingine. Kabla jaribio halijaendeshwa, chombo huisoma faili yake, huijenga kuwa mti wa sarufi, na kila dai kikutanacho nalo hulivunja na kuliandika upya kuwa hatua nyingi: chukua thamani hii uihifadhi, chukua ile uihifadhi, zilinganishe, na kama hazikulingana eleza kwa kutumia zilizohifadhiwa. Shahidi huulizwa mara moja tu, lakini kila neno lake limeandikwa. Njia ya zamani iliondolewa kabisa katika toleo 3.0 la mwaka 2016. Mimi huyahesabu mabadiliko haya kuwa ni ya adili kama yalivyo ya ufundi, kwa maana yalikubali jambo ambalo wengi wetu hatujalikubali katika maisha, kwamba kuuliza nako ni kutenda, na mwenye kuuliza hana haki ya kudhani kuwa dunia ilimngojea bila kutikisika.

Lakini mwandishi wa barazani aliyepewa ruhusa ya kuyaandika upya maneno ya shahidi amepewa madaraka makubwa. Mwaka 2019 Python 3.8 ilileta alama mpya, nukta pacha ikifuatwa na alama ya usawa, ambayo wenyewe waliipa jina la mnyama wa bahari ya barafu mwenye meno mawili marefu, kwa kuwa ukiipindua kichwani waonekana uso wake. Alama hii hulipa jina thamani mpya katikati ya sentensi. Chukua jina lenye thamani HABARI kwa herufi kubwa. Dai lasema: jina hili si sawa na jina hili hili likishageuzwa kuwa herufi ndogo na kupewa thamani hiyo mpya. Python husoma kutoka kushoto, kwa hiyo hulinganisha HABARI na habari, na dai ni kweli. Pytest alipoliandika upya dai hilo hakuihifadhi thamani ya jina la kushoto; aliliacha jina lenyewe, akaitenda kwanza kazi ya kulia, kisha akalisoma jina. Wakati huo jina lilikwisha kubadilika. Akalinganisha habari na habari, akampata mkweli na hatia. Na lau dai lingesema kinyume, kwamba pande hizo mbili ni sawa, angemwachilia mwongo. Hitilafu hii ilitengenezwa katika toleo 7.3.0 la mwaka 2023. Naitaja kwa sababu wanafunzi wangu walipoisikia wote walishtushwa na mkweli aliyehukumiwa, na hakuna aliyeshtushwa na mwongo aliyeachiliwa. Nayo ni kasoro moja. Tofauti ni kwamba aliyehukumiwa hupiga kelele.

Sasa nifike kwa shahidi wetu wa tatu.

Miaka michache iliyopita mimi na kijana mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja tuliombwa tuandike programu ya kugawa faida ya mwaka katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Kazi ilikuwa ndogo. Faida yagawanywa kwa kadiri ya hisa, kila mwanachama hupata fungu lake, na mafungu yote yakijumlishwa sharti yarudi kuwa faida ile ile, bila senti kupungua wala kuzidi. Kijana aliandika jaribio la sharti hilo, na katika jaribio aliandika mstari huu:

assert (jumla == faida, "mafungu hayalingani na faida")

Mstari huu wapendeza macho, na ndani yake hamna kitu. Kosa ni yale mabano. Bila mabano, mstari ni dai na ujumbe wake. Yakiwekwa mabano, dai na ujumbe hufungwa pamoja kuwa jozi, na katika Python jozi yenye vitu ndani yake huhesabiwa kuwa ni kweli, hata kama kimoja cha vitu hivyo ni uwongo. Tulikuwa tumedai kwamba jozi ipo. Nayo ilikuwapo. Jumla ingekuwa sifuri, ingekuwa milioni, nukta ingekuwa ya kijani vile vile.

Na jumla haikulingana. Programu ilikuwa ikikata senti za mwisho za kila fungu badala ya kuzisawazisha, na zilizokatwa hazikwenda popote. Kwa mwanachama mmoja ni chini ya shilingi. Kwa wanachama zaidi ya mia mbili, na kwa hesabu iliyokuwa ikirudiwa kila mwezi, zilikuwa fedha za kutosha kuonekana na mtu mwenye macho. Mwenye macho alikuwa mweka hazina wa chama, mama wa makamo aliyeendelea kuandika hesabu yake katika daftari la mistari ijapokuwa tulimwambia kuwa haihitajiki tena. Alitujia siku moja akasema, “Mwanangu, hesabu yako na yangu hazisalimiani.”

Nilimjibu kwa adabu, na kwa kiburi ambacho adabu haikukificha, “Mama, programu imejaribiwa. Majaribio yote yamepita.”

Akaniuliza, “Yamepita wapi?”

Sidhani kuwa alikusudia mzaha. Yeye hakuwa mtu wa kompyuta, na neno lile alilisikia kwa maana yake ya kila siku. Lakini tangu siku ile sijaweza kulitumia bila kulisikia alivyolisikia. Kiswahili chetu kina akili kuliko sisi tunaokisema. Mwanafunzi aliyeshinda mtihani twasema amepita. Msafiri aliyeuacha mji bila kutua ndani yake, naye amepita. Majaribio yetu yalikuwa yamepita kwa namna ya huyo msafiri.

Sasa tumtafute mwongo. Kijana aliweka mabano mawili kwa mkono uliozoea kuweka mabano. Katika lugha nyingine nyingi dai huandikwa ndani ya mabano, na huko ni sahihi. Hakudanganya. Je, chombo? Hapa pana habari iliyonishangaza. Mkalimani wa Python mwenyewe huijua hatari hii, na akikuta jozi mahali pa dai hutoa onyo kwamba dai hilo ni kweli daima na pengine mabano yaondolewe. Lakini tumekwisha kuona kuwa pytest huyaandika upya madai kabla mkalimani hajayaona. Likishaandikwa upya, dai si dai tena bali ni sharti la kawaida lenye “kama” mbele yake, na mkalimani hana la kuonya. Yaani juhudi ile ile ya kumfanya shahidi awe fasaha ndiyo iliyolifunika onyo kwamba shahidi hakufika. Wenye kukitunza chombo walilitambua jambo hilo wakalirudisha onyo kwa mikono yao ndani ya pytest. Kwa hiyo siku zetu zile onyo lilikuwapo. Lilikuwa limeandikwa chini kabisa ya kioo kwa rangi ya manjano, moja kati ya maonyo kama arobaini, mengi yakiwa ya vitu vidogo vya maktaba za watu wengine, nasi tulikwisha kuzoea kuyafunga bila kuyasoma.

Basi sina budi kumaliza msako nyumbani kwangu. Nilikuwa mkaguzi wa kazi ya kijana. Nilikisoma kile kijani, nikamwambia mtu mzima mwenye daftari mkononi kwamba ukweli umekwisha kuthibitika. Mwongo alikuwa mimi, ingawa kila neno nililolisema niliamini kuwa ni kweli.

Najua jinsi nitakavyopingwa. Nitaambiwa kuwa uwongo wahitaji kusudi, na asiyejua hana hatia ila ya kutojua. Nitaambiwa tena kuwa dunia haiendeki bila kuaminiana; anayepanda chombo cha baharini hakagui kila ubao, na anayenunua unga hapimi upya kila kibaba. Hoja hizi ni nzito, na sehemu yake nazikubali. Kumwamini mwingine si kosa. Lakini ipo tofauti kati ya kumwamini mtu awezaye kukukatalia na kuamini kitu kisicho na ulimi wa kukataa. Nikimwuliza nahodha kama chombo kitafika naye akasema ndiyo, ndiyo yake ina thamani kwa kuwa jana alimwambia mwingine hapana. Mwanafalsafa Karl Popper alitoa mwaka 1934 kitabu ambamo alishikilia kwamba fundisho ambalo hakuna tukio lolote liwezalo kulikanusha halihesabiwi kuwa la sayansi, hata likikubaliana na matukio yote. Yeye alikuwa akitafuta mpaka wa sayansi. Nami naliazima wazo lake kwa jambo dogo la mezani kwangu: nilikuwa na wajibu, kabla ya kuitumia ndiyo ya jaribio lile kama ushahidi mbele ya mtu mwingine, niwe nimeiona hapana yake japo mara moja. Ilitosha kuiharibu programu kwa makusudi, kuongeza shilingi moja mahali isipotakiwa, na kutazama kama nukta itageuka nyekundu. Kazi ya dakika moja. Sikuifanya kwa sababu kijani kilinipendeza.

Mholanzi mwingine, Edsger Dijkstra, alikwisha kuonya mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwa majaribio yaweza kufichua makosa yaliyopo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa makosa hayapo. Onyo lake lilihusu majaribio yanayosikilizwa. Seuze yasiyosikilizwa!

Na namna za kutosikilizwa ni nyingi kuliko mabano. Mtu huandika jaribio linalorudisha jibu la ulinganisho badala ya kulidai. Jibu hurudi kuwa si kweli, na hakuna anayelipokea. Pytest hutoa onyo juu ya jambo hilo tangu toleo 7.2 la mwaka 2022. Mwingine husema atangoja kosa lolote litokee, na kosa litokealo ni jina aliloliandika vibaya yeye mwenyewe, na jaribio likapita kwa furaha. Lakini namna inayonisumbua zaidi ni ile ya kaimu.

Programu aghalabu huzungumza na vitu visivyofaa kuguswa wakati wa jaribio, kama benki au mtambo wa kupeleka barua. Mahali pake huwekwa kaimu, kitu cha bandia kinachokubali kila kiambiwacho na kukumbuka kiliitwa mara ngapi. Python inaye kaimu wa namna hiyo katika maktaba yake ya asili tangu toleo 3.3 la mwaka 2012. Tabia yake kubwa ni kutokataa. Ukimwomba kitu asicho nacho, hukiumba papo hapo na kukukabidhi. Sasa jaribio likitaka kumwuliza kama aliitwa mara moja tu, na mwandishi akateleza herufi katika swali, kaimu hasemi kuwa hajaelewa. Huumba kitu kipya chenye jina lile lililokosewa, hukubali kwa kimya, na nukta huwa ya kijani. Hapo shahidi amefika, lakini amekubali swali ambalo halipo.

Mwaka 2015, katika Python 3.5, kaimu alifundishwa kukataa: jina lolote lianzalo kwa assert, au kwa assret ambalo ni mtelezo wa vidole, lisipokuwa swali lake halisi hupaza kosa. Palizuka mabishano miongoni mwa watengenezaji. Walikuwako walioona ni fedheha kwa lugha yenye heshima zake kubeba ndani ya maktaba yake kosa la kupiga chapa, kana kwamba kamusi imeingiza neno lililokosewa ili wakosaji wasitaabike. Hata hivyo orodha haikufutwa, bali baadaye iliongezwa asert, aseert na assrt. Nakiri kwamba yachekesha. Na ni kweli kwamba iko dawa iliyo bora, nayo ni kumfinyanga kaimu kwa mfano wa kitu halisi ili akatae kila ombi ambalo mwenyewe asingelijua. Lakini siioni fedheha. Mwenye mizani akijua kuwa mkono wa mizani yake hunata mahali fulani, hangoji mpaka apate mizani mpya ndipo awaambie wanunuzi.

Hapa lazuka swali gumu kuliko la kwanza, na halikunipa usingizi mwepesi. Anayetengeneza hitilafu ya madai hatengenezi kitu chake peke yake. Akishaitoa kazi yake, asubuhi moja watu wa miji mingi huamka wakakuta majaribio yaliyokuwa kijani jana ni mekundu leo, na wao hawakugusa neno. Humlalamikia. Husema ameharibu kazi yao. Yeye hujua kuwa hakuiharibu, bali ameondoa kitambaa kilichofunika uharibifu. Je, anayo haki ya kukivuta kwa ghafula? Wako wasemao kuwa ukweli hauhitaji kupiga hodi. Wako wasemao atangulize onyo, angoje toleo moja au mawili, kisha ndipo akaze.

Upande wa upole una hekima yake. Mtu aliyeamshwa kwa madai mia mekundu, naye ana ahadi ya kuitimiza jioni, hatayasoma; atarudi kwenye toleo la zamani na kulifunga kwa kufuli, na huko atakaa gizani miaka. Lakini mimi nimeyaona maonyo arobaini ya manjano, nami najua yalinifaa nini. Kwa hiyo naona ifanyike tofauti. Jambo likiwa laweza kuwa kosa na laweza kuwa kusudi, onyo ni adabu njema, kwa kuwa chombo hakiujui moyo wa mwandishi. Lakini dai ambalo haliwezi kuanguka kwa hali yoyote, kama lile la jozi, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyelikusudia. Kuliacha lipite na kunong'ona pembeni kuwa huenda lina kasoro ni kumwandika shahidi kuwa amefika na kuweka alama ya penseli kwamba kiti chake kilikuwa kitupu. Ningependa lianguke wazi wazi, na anayeumia aumie siku ile ile.

Nitaulizwa mwisho wa msururu huu uko wapi. Ikiwa jaribio laipima programu, na chombo chalipima jaribio, ni nani anayekipima chombo? Wenye kutunza pytest hukijaribu kwa pytest yenyewe, na jambo hili lasikika kama mshitakiwa kujihukumu. Lakini ukitazama jinsi wanavyofanya, si upuuzi. Huandika majaribio madogo yaliyokusudiwa kuanguka, huyaendesha ndani ya chombo, kisha hudai kwamba yameanguka, na kwa idadi fulani. Huwaajiri waongo ili wahakikishe kuwa hakimu huwakamata. Msururu hauishi kwa hilo, maana hata dai la nje laweza kuwa na mabano. Sijaona bado mahali unapoishia kwa nguvu ya mantiki tupu. Katika habari yetu uliishia kwenye daftari la mistari, kwa mtu aliyeifikia jumla kwa njia nyingine kabisa, asiyekuwa na habari na nukta zetu.

Tuliyaondoa mabano yale mbele yake. Jaribio likawa jekundu, na pytest kwa ufasaha wake wote ikatuonyesha jumla upande huu na faida upande ule, na tofauti iliyokuwa kati yake. Mama mweka hazina aliitazama ile tofauti, akafungua ukurasa wake, akaweka kidole kwenye namba ile ile iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Kijana hakusema neno. Nilianza kumshukuru, naye akanikatiza kwa upole.

“Na haya mengine, mwanangu,” alisema, akionyesha safu za kijani zilizosalia juu ya kioo, “haya yenye mabano kama hayo ni mangapi?”

Sikuwa na jibu. Alipokwisha kwenda tuliwasha taa, tukaanza kusoma faili moja baada ya moja. Yalikuwa 11.